Kuchimba mashimo makubwa ya posti kwa trekta ndogo: maswali tunayoulizwa kila wiki

Kazi yetu ni kuchimba mashimo. Tuna trekta moja ndogo ya nguvu za farasi 35 na kekee tatu: ya inchi 9, ya inchi 18 na ya inchi 24. Nyumbani ni Njoro, lakini kazi hutupeleka Rongai na Subukia, tukashuka Ahero na Kisumu, tukapanda Vihiga, Kakamega hadi Bungoma. Kila tuendako maswali ni yale yale, na mengi huulizwa baada ya kitu kuvunjika. Tumeyaandika hapa ili uyasome kabla. Kekee tunayoitaja ni ile parafujo kubwa ya chuma inayofungwa nyuma ya trekta na kuzungushwa na shafti ya PTO, yaani ule mhimili wa nyuma unaotoa nguvu ya injini kuzungusha vifaa. Anayenunua yake mwenyewe ataona faida, na anayetuita tumchimbie pia.

Trekta yangu ni ndogo. Itaweza kekee ya inchi 24?

Wengi hudhani shimo la inchi 24 ni shimo la inchi 12 lililoongezewa kidogo. Sivyo. Ukizidisha upana mara mbili, eneo linalokatwa huongezeka mara nne, na udongo wa kuinua huongezeka mara nne vilevile. Shimo la inchi 24 lenye kina cha futi mbili hutoa udongo unaokaribia robo tani. Huo wote hukatwa, hukwanguliwa na kupandishwa na mashine moja iliyoning'inia nyuma ya trekta yako.

Kwa uzoefu wetu, trekta ya farasi 20 hadi 25 hufanya kazi vizuri na kekee ya inchi 12. Inchi 18 inataka farasi 30 na zaidi. Inchi 24 tunaifunga kwenye farasi 35 yetu, lakini kwenye udongo laini tu, na mwendo wa pole. Soma kibao cha mtengenezaji kwenye giaboksi ya kekee: huonyesha nguvu ya chini na ya juu inayoruhusiwa. Ile ya juu nayo si pambo. Trekta yenye nguvu kupita kiasi husaga meno ya giaboksi kabla dereva hajasikia lolote.

Lakini injini ni sehemu tu ya jibu. Kuna mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni urefu wa kuinua. Kekee iliyoning'inia ina urefu unaozidi mita moja, na mikono ya trekta ndogo haipandi juu sana. Ukiinua hadi mwisho na ncha bado inaburuta ardhini, hutaweza kuhama kutoka shimo moja hadi jingine bila kuifunga juu kwa mnyororo kila mara. La pili ni uzito wa mbele. Kekee kubwa ikiwa juu, na udongo umeing'ang'ania, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki. Weka vyuma vya uzito mbele kabla ya kuanza.

Pima pia pini. Mikono ya chini ya trekta ndogo huwa na pini za milimita 22 na mkono wa juu milimita 19. Trekta za ukubwa wa juu yake hutumia 28 na 25. Usijaribu kulazimisha, kwani pini inayocheza ndani ya tundu kubwa hulifanya shimo litangetange.

Shimo la upana gani kwa posti gani?

Posti ya katikati ya ua, yenye unene wa inchi 4, ya mkaratusi uliotiwa dawa au ya mtarakwa, itakayoshindiliwa kwa udongo: inchi 9 inatosha. Unabaki na nafasi ya kuingiza mti wa kushindilia pande zote. Posti ya kona au ya geti, ambayo ndiyo inayovutwa na waya usiku na mchana, huwa na unene wa inchi 6 hadi 8 na inastahili shimo la inchi 18. Kina tunachopendekeza ni theluthi ya urefu wote wa posti: posti ya futi 7 iende chini zaidi ya futi 2, na ya geti isipungue futi 3.

Ukitaka zege, piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Shimo la inchi 18 lenye futi 3, likiwa na posti ya inchi 8 ndani yake, linabaki na nafasi ya kama mita za ujazo 0.12. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), hiyo ni karibu robo tatu ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Shimo la inchi 9 lenye futi 2 na posti ya inchi 4: mfuko mmoja hutosha posti saba hivi. Ndiyo maana tunamwambia mteja asichimbe yote kwa inchi 18 eti "yawe imara". Saruji itakayomezwa na mashimo ya katikati ingetosha kujenga kona zote nne.

Waya usivutwe siku hiyo hiyo. Zege ipewe wiki moja, imwagiliwe maji, ndipo uvute.

Udongo wangu utachimbika?

Hili ndilo swali letu la kwanza kwako, kabla hata ya kuuliza idadi ya mashimo. Kekee ni ile ile, lakini Njoro na Ahero ni dunia mbili.

Nakuru na maeneo yanayozunguka Menengai, udongo mwingi ni majivu ya volkano na vijiwe vyepesi vyenye matundu. Kukata ni rahisi mno, kekee inateremka kama kisu kwenye ugali wa moto. Shida ni kuta. Shimo la inchi 24 kwenye majivu makavu linaweza kubomoka mara tu kekee inapotoka, na ukilirudia linazidi kupanuka juu huku chini likijaa. Tiba yake ni maji kidogo. Mwaga ndoo mbili mahali pa shimo jioni, asubuhi udongo umeshikana. Halafu posti iwe tayari karibu na shimo, iingie mara moja.

Tambarare ya Kano, kuanzia Ahero kuelekea Nyando, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono na unakuwa mgumu kama tofali. Masika unavimba na kunata. Wakati wa kuuchimba ni katikati ya hali hizo mbili: siku kadhaa baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu lakini haushiki kiatu. Ukichimba ukiwa mbichi, unajifunga kwenye mabapa ya kekee na hautoki hata uizungushe vipi. Utashuka kila shimo kuukwangua kwa beleshi, na kabla ya kuukwangua ni lazima injini izimwe.

Udongo huo una tabia nyingine inayoumiza watu miaka miwili mitatu baadaye. Unapovimba hushika posti na kuinyanyua, ukikauka haurudishi chini. Mwenye ua anaona posti zake zimepanda bila mtu kuzigusa. Kwa hiyo kule Kano tunachimba kina zaidi kuliko Nakuru, na tunamwomba fundi wa zege asiache kofia pana juu ya shimo. Kofia hiyo ndiyo mpini ambao udongo hushika kuing'oa posti. Chini ya shimo papanuliwe kidogo, juu pabaki wima.

Kakamega na Trans Nzoia, udongo mwekundu wenye kina kirefu ndio raha yetu. Busia na sehemu za Siaya, futi moja ya kwanza ni nzuri, halafu unakutana na tabaka la murram. Maragoli na kuelekea Maseno ni mawe, na hayo yana swali lake hapa chini.

Kama hujui una udongo gani, chukua mtaimbo uupige chini mahali pane tofauti shambani. Dakika kumi za kazi hiyo zitakuambia mengi kuliko sisi kwenye simu.

Kekee ilijizamisha, ikakwama. Haipandi wala haizunguki. Nifanye nini?

Kwanza, acha kuvuta mkono wa haidroliki. Najua mkono unawasha kufanya hivyo.

Kekee ni parafujo. Ikizungushwa haraka kwenye udongo laini bila kuinuliwa, haichimbi tena, bali inajifunga kama skrubu kwenye ubao. Mashine nyingi za PTO hazina njia ya kuzunguka kinyume, hivyo ilipoingia ndipo inapobaki. Ilitupata sisi karibu na Ahero, mwaka wa kwanza wa kazi. Kekee ya inchi 18, udongo mbichi, mteja ana haraka na sisi tuna haraka kuliko yeye. Nilishusha mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Nilipoinua, kekee haikuja. Magurudumu ya mbele ndiyo yaliyopanda. Nikarudia, yakapanda zaidi. Ndugu yangu alinipigia kelele nizime, na nashukuru alifanya hivyo, kwa sababu trekta ikikaa hivyo inaweza kukulalia.

Njia ya kuitoa ni hii. Zima injini, toa ufunguo uutie mfukoni. Fungua shafti ya PTO kutoka kwenye trekta kabisa, maana trekta nyingi hushika shafti hata zikiwa zimezimwa. Chimba kwa beleshi kuizunguka kekee, hata nusu futi husaidia. Kisha shika nguzo ya kekee kwa spana kubwa ya mabomba, iongezewe bomba refu liwe mpini, watu wawili wazungushe kinyume. Inaanza kwa ubishi, halafu inalegea. Ikishapanda mzunguko mmoja au miwili, haidroliki inaweza kumalizia, taratibu. Sisi ilituchukua mchana mzima kwa sababu hatukuwa na spana hiyo. Sasa haishuki kwenye trekta.

Ya kuzuia ni rahisi kuliko ya kutibu: teremka nusu futi hadi futi moja, inua kekee juu ya ardhi, iache itupe udongo, shuka tena. Shimo la futi 3 hutaka safari nne au tano. Anayelimaliza kwa safari moja amebahatisha.

Nizungushe kwa mwendo gani?

Pole kuliko unavyofikiri. PTO ya kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, na giaboksi ya kekee hupunguza hadi kama theluthi, yaani 180 hivi. Kwa kekee ya inchi 9 mwendo huo si mbaya. Kwa kekee ya inchi 24, ukingo wa bapa unakimbia zaidi ya mita 5 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 20 kwa saa. Jiwe likipigwa na chuma kinachokwenda hivyo haliulizi limwangukie nani. Kekee kubwa tunaianzisha injini ikiwa karibu na mwendo wa chini kabisa, ncha ikiwa imeshagusa ardhi, kisha tunaongeza mafuta kidogo hadi isikike kwamba inakata bila kulia.

Kwenye trekta za zamani zenye klachi ya hatua moja, ukikanyaga klachi PTO nayo inasimama. Jua yako ni ya aina gani kabla hujaihitaji kwa dharura.

Bolti inakatika kila mara. Naweza kuweka ngumu zaidi?

Hapana, tafadhali usiweke. Bolti hiyo, inayounganisha shafti na giaboksi, imewekwa pale ili ikatike. Kekee inapogonga mzizi au mwamba, kitu fulani lazima kiachie: ama bolti ya bei ndogo, ama giaboksi, ama shafti. Tumeona giaboksi iliyopasuka kama mtungi kwa sababu fundi alitia bolti ya chuma kigumu "ili isisumbue". Nunua bolti laini za kipimo na daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha mashine, beba angalau kumi, na ikikatika tatu mfululizo kwenye shimo moja, ujue chini kuna kitu ambacho kekee haipaswi kukichimba.

Urefu wake nao uwe sawasawa. Bolti ndefu yenye mkia uliojitokeza ni kulabu inayozunguka. Soma swali linalofuata.

Udongo ni mgumu, kekee inaelea juu. Kijana anaweza kukaa juu yake kuongeza uzito?

Hatutachimba kwako ukitaka hivyo, na tunakusihi usifanye hata kwa mashine yako mwenyewe.

Mikono ya nyuma ya trekta nyingi hainyanyui na kusukuma. Inanyanyua tu, kushuka ni kwa uzito wa chombo chenyewe. Kwa hiyo kekee ikikutana na tabaka gumu, inazunguka tu juu yake inasugua. Watu huona njia ya mkato: mtu mmoja apande, mwingine aning'inie. Lakini hapo alipokaa pana shafti inayozunguka mara 9 kila sekunde. Kabla hujamaliza kutamka "simama", nguo imeshazungushwa mara tano.

Nilishuhudia. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amepanda. Kijana tuliyekuwa naye alisogea kuondoa udongo kwa beleshi, kekee ikiwa bado inazunguka. Tulikuwa tumebadilisha bolti asubuhi na mkia wake ulikuwa mrefu. Ulishika pindo la koti lake. Mguu wangu ulikuwa juu ya klachi, ndiyo sababu pekee alibaki nasi. Koti lilipasuka kuanzia mfukoni hadi begani, mbavu zake zikavimba wiki mbili. Nilienda kwao mwenyewe kumweleza mama yake, na sijawahi kutembea njia ndefu kama ile.

Tangu hapo tuna masharti. Mtu mmoja tu ndiye anayegusa mashine, naye yuko kwenye kiti. Wengine wote wakae mbali, hatua kumi za mtu mzima. Koti lisilofungwa, leso kiunoni, skafu, kamba ya kofia, nywele ndefu zilizoachwa: havikaribii. Kifuniko cha plastiki cha shafti kiwepo, kizima, na kisizunguke pamoja na shafti. Kuondoa udongo ni baada ya PTO kuzimwa na kekee kusimama kabisa.

Na ule ugumu? Badilisha meno ya kekee yaliyochakaa, hilo peke yake hutatua nusu ya kesi. Mwaga maji usiku. Vunja tabaka kwa mtaimbo, halafu rudisha kekee. Kuna mashine za kuzungushwa na mafuta ya haidroliki, zinazofungwa mbele kwenye mikono ya kupakia, ambazo husukuma chini na kuzunguka pande zote mbili. Kama shamba lako lote ni murram, ukodi hiyo.

Kwa nini mashimo yangu yanatoka yamepinda?

Kwa sababu mkono unaobeba kekee haushuki wima, unashuka kwa upinde. Ncha inaanza hapa, na kekee inapozama juu yake husogea kuelekea trekta au mbali nayo. Weka pima maji kwenye nguzo ya kekee ikiwa futi moja chini, uone imelalia wapi, kisha sogeza trekta inchi chache mbele au nyuma ili isimame. Ukishajua tabia ya mashine yako, utaanza na ncha mahali sahihi bila kupima. Kaza pia minyororo ya pembeni ya mikono ya chini, isicheze kushoto na kulia.

Kwa mstari wa ua, vuta kamba na upigie alama katikati ya kila shimo kwa kigingi kidogo. Kamba uitoe kabla kekee haijazunguka! Kamba na kekee hupendana vibaya.

Nina kekee ya inchi 9 tu, na nataka shimo kubwa la geti.

Chimba matatu kwa umbo la pembetatu, ukiacha ukuta wa inchi mbili tatu kati yao. Ukiyabananisha, kekee itateleza iingie kwenye shimo lililokwisha chimbwa. Yakimalizika, bomoa kuta kwa mtaimbo na utoe udongo kwa beleshi. Ni kazi ya robo saa, na shimo linalopatikana linatosha posti nene.

Wengine hutuuliza kama waanze na inchi 9 katikati kisha wapanue kwa inchi 18. Kwa mkono wetu haijafaulu. Ncha ya kekee kubwa ikikosa udongo katikati haina cha kushika, inayumba na kupiga kuta.

Shamba langu lina mawe.

Mawe ya ukubwa wa ngumi hutoka yenyewe ukienda pole. Ya ukubwa wa kichwa huziba kati ya bapa na ukuta, bolti inakatika, mnatoa kwa mkono. Ule mwamba mkubwa uliozikwa, kama ile miamba ya Maragoli inayoonekana hata juu ya ardhi, hauchimbiki kwa kekee ya aina yoyote. Sogeza posti futi moja au mbili. Ua hautajua. Mahali ambapo posti haiwezi kusogea, mwite fundi wa mawe.

Nitajuaje kama chini hakuna waya au bomba?

Uliza kabla. Waulize watu wa kampuni ya maji, Kisumu mjini KIWASCO, Nakuru NAWASSCO, wanajua mabomba yao makubwa yanapita wapi. Kama umeme wa nyumba yako umepitishwa chini kutoka kwenye nguzo, uliza Kenya Power au fundi aliyeufunga. Kando ya barabara siku hizi kuna nyaya za intaneti zilizozikwa bila kina kikubwa.

Kubwa kuliko yote ni bomba la mafuta. Linatoka Nairobi, linapita Nakuru hadi Eldoret, na tawi lake linatoka Sinendet kushuka Kisumu. Njia yake ina alama za kusimama ardhini. Shamba lako likiwa na alama hizo, hatutashusha kekee karibu nazo mpaka Kenya Pipeline wenyewe wawe wamesema ni sawa, hata kama babu alilima pale miaka yote. Jembe huenda inchi sita, kekee huenda futi tatu.

Na bikoni za mpaka: zionyeshe zote kabla hatujafika, jirani awepo ikiwezekana. Kung'oa bikoni ni kosa kisheria, na kekee haiwezi kutofautisha bikoni na jiwe.

Kekee inafaa kwa mashimo ya miche ya parachichi na ndizi?

Inafaa sana, na Subukia na Rongai hii ndiyo kazi inayozidi kuongezeka. Parachichi hutaka shimo la sentimita 60 kwa 60, ambalo ndilo hasa la inchi 24.

Ila kuna dosari ambayo mkulima asipoambiwa atalaumu mche. Kwenye udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, kekee husugua kuta za shimo hadi zinang'aa kama chungu kilichopigwa msasa. Mizizi midogo ikifika pale haipenyi. Inageuka na kuzunguka ndani ya shimo kama imo kwenye chungu kweli, na maji nayo hutuama. Kwa hiyo kila shimo la mche likwaruzwe kuta kwa panga au uma wa bustani, pande zote na chini, kabla ya kupanda. Mama mmoja wa Rongai hutumia reki ya zamani iliyokatwa mpini, na kazi yake ni safi kuliko yetu.

Udongo wa juu utengwe rundo moja, wa chini rundo jingine. Kekee huchanganya, hivyo simamisha baada ya futi ya kwanza, uvute udongo huo kando, kisha endelea. Ule wa juu ndio utakaochanganywa na mbolea ya boma kurudi kwenye mizizi.

Shamba ni la mteremko.

Trekta isimame kufuata mteremko, kamwe isiukate kwa ubavu. Tunapenda uso uelekee chini na kekee iwe upande wa juu, ili mbele pasiwe pepesi. Breki ikazwe, mawe yawekwe kwenye magurudumu. Pakiwa pakali kuliko hapo, tutachimba kwa mkono, na hatutaona haya.

Matunzo?

Grisi kwenye krosi za shafti, vile viungo vyake vinavyojipinda, kila siku ya kazi. Mafuta mazito ya giaboksi yaangaliwe kila wiki, hasa ukiona alama ya kuvuja kwenye sili ya chini, pale ambapo nyuzi za magunia hupenda kujifunga. Meno yabadilishwe yakiwa duara. Kekee ihifadhiwe imelazwa, si imesimama imeegemezwa ukutani ambako mtoto anaweza kuivuta.

Mnalipisha vipi?

Kwa shimo, pamoja na usafiri. Bei hupanda kwa upana, kina na mawe, na hushuka mashimo yakiwa mengi na yamepangwa mstari mmoja. Kwenye udongo laini shimo la inchi 9 ni dakika moja au mbili, kuhama ndiko kunakokula muda. Kwa hiyo majirani watatu wakiungana siku moja, kila mmoja analipa nauli kidogo. Fanyeni hivyo.

Mashimo yanaweza kukaa wazi siku ngapi?

Yasikae hata usiku mmoja bila kufunikwa. Shimo la inchi 18 lenye futi tatu linammeza mtoto wa miaka mitatu mzima, na mvua moja ya jioni inalijaza maji. Mbuzi na ndama huvunja miguu hata kwenye lile la inchi 9. Chimba tu yale ambayo siku hiyo hiyo utaweka posti. Yakibaki, funika kwa mabati au mbao nzito, juu yake weka mawe, kisha uzungushe matawi ili hata anayepita gizani ajue. Majani ya migomba si kifuniko. Yanaficha shimo, hayalizibi. Waambie pia watoto wa majirani, si wako tu.

Ikiwa fundi wako wa posti atachelewa, tupigie tuahirishe. Hatudai chochote kwa kuahirisha.

Tuandae nini kabla hamjafika?

Vigingi vikiwa vimepigwa kila mahali pa shimo. Njia ya kupita trekta, upana wa futi saba, na geti linalofunguka. Maji ndoo kadhaa. Mtaimbo, beleshi na karai. Posti zikiwa zimelazwa kando ya vigingi vyake, upande mmoja tu wa mstari, ili upande mwingine ubaki wa trekta. Ng'ombe wafungwe mbali na mbwa awe kwenye kamba, kwa sababu mbwa hukimbilia kitu kinachozunguka.